Wafanyabiashara wadogo wa mpakani waelezwe haki yao

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa biashara ya mipakani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi wanachama ya kurahisisha bidhaa na watu kuvuka mipaka, ilianza kutumika Julai 2010, na kituo cha pamoja cha forodha cha Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kilizinduliwa mwaka 2018. Wenye malori wamefaidika. Lakini mama anayevusha magunia mawili ya maharage bado anapita njia za panya usiku kwa bodaboda, na akikamatwa mtaji wote umekwenda.

Inauma, kwa sababu utaratibu wa kumsaidia upo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuthibitisha bidhaa imezalishwa wapi, kinachotolewa hapo hapo mpakani. Wengi hawajawahi hata kukisikia.

Nashauri mamlaka za mapato za Tanzania na Kenya zibandike orodha hiyo kwa Kiswahili masokoni na stendi, si kwenye kuta za ofisi tu. Ada za vibali vya afya ya mimea nazo ziwekwe wazi, maana usiri huo ndio unaowalisha madalali.

Msomaji wako,
Arusha