Mlete Mama akae mwenyewe

Nyalenda, Kisumu

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika, na ile picha ya Mama uliyonitumia kwa simu ili nimchore nimeiona. Namshukuru Mungu goti limepoa. Anacheka vizuri, na kitenge kimemkaa. Lakini sitamchora kutoka kwenye hiyo picha. Usikasirike kwanza, nisikilize.

Unajua kodi yangu inalipwa na marehemu. Familia inakuja na picha ndogo ya pasipoti, au kitambulisho chenyewe, inataka picha kubwa ya kuwekwa kando ya jeneza, na iwe tayari Alhamisi kwa sababu mazishi ni Jumamosi. Mzee amevua samaki Dunga maisha yake yote, lakini kwenye picha wanataka suti na tai. Basi namvisha suti. Kazi hiyo siidharau hata kidogo. Mjane akisimama mbele ya picha akasema ndiye, siku hiyo ugali unashuka vizuri. Lakini mimi ninayeijua kazi naona kichwa kinaelea. Kamera imenipa uso uliopigwa na mwanga wa mbele, bapa, na mabega yaliyokatwa. Alikuwa akikaa vipi? Bega lipi lilishuka kwa kubeba? Hakuna wa kuniambia.

Dada, uso unaweza kuuokota popote. Kinachonifanya niamke ni uzito wa mtu: mahali nyonga inapokutana na kigoda, jinsi mkono unavyolala pajani ukiwa hauna kazi. Huko ndiko mtu anakojisahau, na huko ndiko ninakomwona.

Kuna mama mmoja muuza omena ambaye hunikalia siku soko likiwa baridi. Namlipa kile ambacho angeuza, maana kukaa tu nako ni kazi, na ngumu. Hawezi kukaa bure. Lazima awe na ungo wa maharagwe anachagua mawe. Nikamwacha. Baada ya muda mikono ikaendelea peke yake, mwili ukatua, shingo ikasahau kwamba inatazamwa. Akavuta kiatu kwa kidole gumba, akaweka unyayo juu ya mwenzake. Nikafuta miguu yote niliyokuwa nimechora nikaanza upya. Alipoiona alilalamika kwamba nimempa miguu ya mtu aliyechoka, kisha akauliza itauzwa bei gani.

Na ngozi, jamani! Tulipoanza tulikuwa tunachukua kahawia ya chupani, tukitaka kivuli tunatia nyeusi, na watu wetu wote wakatoka kama wamepakwa masizi. Siku hizi nyeusi siigusi. Nachanganya buluu ya ultramarini na kahawia iliyokolea, giza linatoka lenye uhai, unaweza kulivuta upande wa joto au wa baridi. Huyu mama alikaa karibu na mlango. Paji la uso lilichukua mbingu, likawa na buluu ya kijivu kabisa, wakati chini ya kidevu leso yake nyekundu ilirudisha wekundu hadi kwenye taya. Simu yako hiyo, na ubora wake wote, ingesawazisha vitu hivyo viwili vikawa rangi moja. Vitambaa bado natumia marekani ya dukani, nakaza kwenye fremu ya fundi wa Kibuye, napaka gundi ya mbao halafu rangi nyeupe ya ukutani. Kanvasi ya Nairobi naisubiri siku nitakapokuwa tajiri.

Uliniuliza pia kama sichoki kuchora watu, ukasema huko Nakuru picha za flamingo zinanunuliwa na wageni hata kabla rangi haijakauka. Naamini. Ila hata hapa magharibi hatukuanza jana kuuangalia mwili wa mtu. Gregory Maloba alizaliwa Mumias, akasoma Makerere, shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937, na ile sanamu ya uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962 ni mkono wake. Mama amefungwa kamba mwilini na anamwinua mtoto juu. Ukiitazama unahisi kilo za yule mtoto.

Mwingine ninayemfikiria sana ni Alice Neel wa Marekani. Alikaa New York, mtaa wa Spanish Harlem, akichora majirani na watoto wao wakati wenye majina walikuwa wameacha kabisa kuchora watu. Alingoja hadi 1974, akiwa ameshapita miaka 70, ndipo Whitney, jumba la sanaa la huko New York, likampa maonyesho makubwa. Na mwaka 1980, bibi wa miaka 80, akamaliza picha yake mwenyewe akiwa uchi kwenye kiti cha mistari ya buluu, brashi mkononi, tumbo limelala mapajani. Miwani tu ndiyo aliyovaa! Mimi hapa Nyalenda nikitangaza natafuta mtu wa kukaa uchi, Jumapili haijafika nitakuwa nimeshaitwa na wazee wa kanisa. Kwa hiyo nasoma mwili kupitia leso. Sio hasara kubwa; nguo ikikaza gotini inasema mengi.

Sasa turudi kwa Mama. Njoo naye shule zikifungwa mwezi wa nane. Pandeni matatu ya asubuhi inayopitia Kericho, akae kiti cha mbele ili goti lisibanwe. Usimtajie habari za Lucian Freud, aliyemkalisha mchoraji mwenzake David Hockney zaidi ya saa 100 mwaka 2002, asije akakataa safari. Mimi nataka asubuhi chache tu, kabla jua halijawa kali, na chai ipo. Anaruhusiwa kuongea, hata kusinzia. Tena akisinzia ndiyo vizuri.

Mwambie asije na gauni la kanisani wala asisuke nywele upya. Aje na leso anayofungia jikoni na ile sweta ya kijani yenye kiwiko kilichotoboka, naikumbuka. Najua atabishana nawe kuhusu hiyo sweta, basi itie kwenye mkoba wako bila kumwambia. Na akikataa kabisa kusafiri, niandikie mapema, nitakuja huko mimi na rangi zangu. Wewe nitafutie tu kigoda kisicho na mgongo na chumba chenye dirisha moja.

Nisalimie watoto, na Baba pia.

Wako daima,
Mama Rangi