Kondo la nyuma na saratani: risala ya wahitimu wa uuguzi na ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa;
Mkuu wa Chuo;
Wakufunzi wetu, wazazi na walezi;
Wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tunakushukuru nawe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, idadi yetu, ufaulu wetu na mahitaji ya mabweni Mkuu wa Chuo ameshayaeleza katika taarifa yake, hivyo hatutayarudia. Tuliomba, na uongozi ukaturidhia, tuutumie muda huu kusema jambo moja tulilolisoma darasani na kulikuta wodini: undugu uliopo kati ya kondo la nyuma na saratani, na wanawake ambao undugu huo unaweza kuwagharimu maisha.

Kila mkunga hulipokea kondo baada ya mtoto, akalikagua kama limekamilika, kisha akaliweka kando. Lakini tazama kazi lililoifanya. Takribani wiki moja baada ya mimba kutungwa, seli za trofoblasti, yaani zile zinazolijenga kondo, huanza kuchimba ukuta wa mji wa mimba. Huongezeka kwa kasi, huingia mpaka kwenye msuli, huvamia mishipa ya damu ya mama na kuipanua ili damu ije kwa wingi, na hukwepa kinga ya mwili wake ingawa zimebeba jeni za mtu mwingine. Mwanafunzi akisomewa tabia hizo bila kuambiwa ni za nini, atajibu kwamba ni saratani. Kondo lenye afya, hata hivyo, lina mipaka: hufika kwenye theluthi ya ndani ya msuli wa mji wa mimba likakoma, na mtoto akizaliwa nalo likatoka.

Mfanano huu ulionwa zamani. Mwaka 1902 John Beard, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliandika kwamba saratani na trofoblasti zinafanana mno. Tiba aliyoipendekeza, ya vimeng'enya vya kongosho, haikuthibitika, na tunasikitika kuona bado kuna watu wanaiuza kwa wagonjwa waliokata tamaa. Lakini jicho lake lilikuwa kali. Hakuwa na njia ya kuona sababu, kwa kuwa sababu hiyo iko juu ya DNA yenyewe.

Hapa ndipo inapoingia elimu ya epijenetiki. Seli zote za mwili hubeba jeni zilezile, ila juu ya DNA hubandikwa alama ndogo za kikemia, hasa za methili, ambazo husaidia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Katika kondo alama hizo, kwa jumla, ni chache kuliko katika tishu nyingine za mwili. Kwenye saratani nyingi nako hupungua. Wakati huohuo, mahali fulani mahususi, kondo na saratani huongeza alama na kuzizima jeni zinazozuia uvimbe. Jeni iitwayo RASSF1A, kwa mfano, huwa imezimwa kwa methili katika kondo, na imezimwa vilevile katika saratani nyingi. Mwaka 2017 kundi la mtafiti Alexander Meissner lilichapisha utafiti wa viinitete vya panya ulioonyesha kwamba mpangilio wa methili katika seli zinazokwenda kuwa kondo unafanana na ule unaoonekana katika saratani za binadamu za aina nyingi. Kwa maneno mengine, saratani haikubuni mbinu mpya. Inaelekea imefungua mpango ambao mwili ulikuwa nao tangu tumboni, na kuutumia mahali pasipo pake na bila ukomo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili lina mtu wa kwetu ndani yake. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika mji wa Kisumu nchini Kenya, alizaliwa mwanasayansi Azim Surani. Mwaka 1984, akiwa Cambridge, yeye na wenzake walionyesha kwa panya kwamba jeni za baba na za mama hazilingani kazi, hata zikiwa zilezile kwa herufi, kwa sababu kila mzazi huziwekea alama zake. Mwaka huohuo James McGrath na Davor Solter walifikia hitimisho hilohilo nchini Marekani. Kiinitete chenye jeni za mama pekee kilianza kujijenga lakini tishu za kondo zikawa dhaifu. Chenye jeni za baba pekee kilistawisha tishu za kondo, na kiinitete chenyewe kikadumaa. Sisi tulioisoma habari hii tukiwa Mwanza tulijivunia, na hatuoni sababu ya kuificha fahari hiyo.

Kile alichokifanya Surani maabara, maumbile hukifanya yenyewe kwa baadhi ya akina mama. Ndiyo mimba zabibu. Katika mimba zabibu kamili yai huwa limepoteza jeni za mama kwenye kiini chake. Mbegu moja ya baba huingia na kujirudufu, au huingia mbili. Mtoto hapatikani. Linalokua ni kondo tu, lililovimba malengelenge yaliyoshikana vichala vichala. Na sababu mojawapo ya ukuaji huo tunaijua: jeni ya p57, ambayo ni breki ya kugawanyika kwa seli, husomwa kutoka nakala ya mama, na nakala ya baba huwa imenyamazishwa. Pasipo nakala ya mama, breki hakuna. Ndiyo maana maabara zenye uwezo huipima p57 kwenye nyama iliyotolewa ili kutambua mimba zabibu kamili.

Kati ya wanawake 100 wenye mimba zabibu kamili, takribani 15 hadi 20 hubaki na tishu zinazoendelea kukua baada ya kusafishwa kizazi, na baadhi yao hupata saratani ya kondo, ambayo hukimbilia mapafu, ini na ubongo. Saratani hiyo inaweza pia kufuata mimba iliyoharibika, hata uzazi wa kawaida.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayaeleza haya kwa sababu saratani hii inatibika. Mwaka 1956, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Min Chiu Li, daktari mzaliwa wa China, pamoja na Roy Hertz, walitangaza kwamba dawa ya methotreksati imeondoa uvimbe wa wagonjwa waliokuwa wameshaenea saratani hii. Li aliendelea kuwapa dawa wanawake ambao picha za mapafu zilionyesha wamepona, kwa kuwa homoni ya hCG, itolewayo na seli za kondo, ilikuwa bado imo kwenye mkojo wao. Aliambiwa anawatesa bure, na akapoteza kazi yake. Baadaye ikaonekana kwamba waliotibiwa hadi homoni ikaisha ndio waliobaki wazima, na mwaka 1972 akatunukiwa tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba pamoja na wenzake. Leo wagonjwa walio katika kundi la hatari ndogo hupona karibu wote.

Kinachotakiwa ni kumfuatilia mama, na hapo ndipo tunapoumia. Tumeona wodini mama anasafishwa kizazi, anaambiwa mimba imeharibika, anapewa dawa za kuzuia maambukizi na kurudi kijijini. Nyama iliyotolewa haipelekwi kupimwa. Akianza kutoka damu tena miezi michache baadaye, anadhani ni hedhi imevurugika. Wengine huletwa wakiwa wanakohoa damu, na matibabu huanza kwa kutafuta kifua kikuu.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ofisi yako isimamie kwamba nyama inayotolewa kwenye kizazi, pale inapotiliwa shaka, ipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia bila mama kudaiwa fedha ambazo hana. Tunaomba vitendanishi vya kupima kiwango cha hCG kwenye damu vipatikane katika hospitali za wilaya. Kipimo cha mkojo cha mimba hakitoshi: hakisemi homoni inashuka kwa kasi gani, na homoni ikizidi mno kinaweza hata kusoma hasi. Tunaomba pia rejesta ya mama waliopata mimba zabibu, wapigiwe simu wasipofika, wapewe uzazi wa mpango katika miezi ya ufuatiliaji ili mimba mpya isiyachanganye majibu, na atakayeonekana homoni imegoma kushuka apewe rufaa mapema.

Sisi wahitimu tunaahidi kwamba katika kila kituo tutakachopangiwa, mama aliyesafishwa kizazi hataondoka bila tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi yake na bila kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwa nini ni lazima arudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.