Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Msitupongeze kwa daftari tupu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Barua hii nimeiweka hadharani kwa sababu najua ingekwenda wapi kama ningeipitisha njia ya kawaida. Ingeanzia kwa muuguzi mkuu, ikaenda kwa mganga mfawidhi, ikapanda ofisi mbili tatu za juu, na kila mezani ingepunguzwa makali kidogo, mpaka ikufikie ikisema kwamba hali ni nzuri, isipokuwa changamoto chache zinazoshughulikiwa. Habari zinazopotea makali njiani ndizo ninazotaka kuzizungumza nawe.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 19 sasa. Miaka 6 ya karibuni nimekuwa kiongozi wa wodi. Ombi langu ni moja: acheni kuzipongeza hospitali kwa sababu daftari lao la matukio, lile la kuandikia makosa na hatari zilizotokea kazini, halina kitu.

Nikueleze usiku mmoja. Ilikuwa saa nane, wagonjwa 34, wauguzi wawili: mimi na binti aliyekuwa na miezi mitatu tangu aajiriwe. Aliingia chumba cha dawa kuchanganya dawa ya unga ya mgonjwa mwenye homa ya mapafu. Dawa hiyo huchanganywa na maji ya sindano. Kwenye rafu yetu maji ya sindano yalikuwa yamepangwa bega kwa bega na potasiamu kloraidi kali, vichupa vya plastiki vya ukubwa mmoja, vyote vina kimiminika cheupe kama maji, maandishi yake madogo ya kusomwa kwa kukodoa macho. Potasiamu hiyo ikiingia kwenye mshipa kwa haraka bila kuzimuliwa, husimamisha moyo.

Alikwishavunja shingo ya kichupa. Alikwishaivuta kwenye bomba. Chuoni walimfundisha kusoma lebo mara tatu, na mara ya tatu ni pale unapokiweka kichupa pembeni. Akasoma. Akaniita, "Dada, njoo uone," kwa sauti ambayo sijaisahau. Nilipofika alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili usitetemeke.

Mgonjwa hakuguswa. Aliamka asubuhi akaomba uji, na hajui lolote mpaka leo.

Nilimwambia binti aandike, naye akaandika ukurasa mzima na nusu kwa mwandiko mzuri, na mwishoni akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemtuma: kwamba vichupa hivyo vitenganishwe, na potasiamu itolewe wodini ikae kwa mfamasia. Sikujua wakati huo kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwishashauri jambo hilohilo mwaka 2007, lilipotoa njia 9 za kulinda usalama wa wagonjwa. Udhibiti wa vimiminika vikali vya aina hiyo ni mojawapo. Mtoto wa miezi mitatu kazini alilifikia mwenyewe saa nane usiku.

Baada ya siku nne alipokea barua ya kutakiwa kujieleza. Baada ya wiki mbili, barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake. Kikao kilichomjadili kilichukua dakika 45 hivi na nilikuwemo. Tuliulizana nani alikishika kichupa, saa ngapi, nani alikuwa msimamizi, kwa nini hakuwa makini. Hakuna aliyeuliza kwa nini vichupa hivyo vinakaa rafu moja. Nami sikuuliza. Nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza, kwa kuwa nilijua barua inayofuata ingekuwa na jina langu.

Daftari la matukio la wodi yetu likakaa miezi 11 bila kuandikwa neno. Usidhani hapakutokea kitu. Watu waliona yaliyompata mwenzao wakafunika kombe mwanaharamu apite. Mwisho wa mwaka wodi yetu ikatunukiwa cheti kwa kutokuwa na tukio hata moja. Cheti hicho nilikipokea mimi, mbele ya watu, huku wakipiga makofi. Potasiamu ilikuwa bado rafu ileile.

Mheshimiwa, nimelibeba jambo hili muda mrefu, na nilipoanza kusoma nikakuta wengine walikwishalichunguza. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti kuhusu makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitegemea kwamba wodi zenye uongozi bora na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Alipofuatilia akaelewa kwamba kwenye wodi hizo watu walisema. Kwingine waliogopa, na kilichoogopwa hakikuonekana kwenye karatasi. Nilipolisoma hilo nilikitazama cheti chetu kwa macho mengine kabisa.

Sisi, katika mfumo wetu wa kupima viongozi, tunasoma takwimu hizo kichwa chini. Mganga mfawidhi mwenye matukio 40 kwenye taarifa yake ya robo mwaka huitwa kujieleza. Mwenye sifuri hupandishwa cheo. Baada ya hapo, nani atakuwa mjinga wa kuandika?

Na ukitaka kuona mchezo huu unaishia wapi, soma habari za hospitali ya Stafford, Uingereza. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wagonjwa walikosa maji ya kunywa, wakaachwa kwenye mashuka machafu, wauguzi walikuwa wachache na waliolalamika hawakusikilizwa. Na katikati ya hayo, Februari 2008, taasisi iliyoiendesha ikapandishwa hadhi na kupewa mamlaka zaidi ya kujiendesha, kwa sababu kwenye makaratasi mambo yalionekana safi. Uongozi ulikuwa umeelekeza macho kwenye fedha na malengo ya kutimizwa. Ripoti ya uchunguzi ya Robert Francis ilitoka Februari 2013 ikiwa na mapendekezo 290. Waliopiga kelele mpaka uchunguzi ukafanyika ni jamaa za wagonjwa. Ofisi zilizolipwa kusimamia hospitali ile zilikuwa zinasoma taarifa kama zetu.

Sitaki nimlaumu mganga mfawidhi wetu kupita kiasi. Ni daktari bingwa wa upasuaji, mikono yake imeokoa watu wengi mbele ya macho yangu. Siku moja aliitwa akaambiwa kuanzia wiki ijayo wewe ndiye mkuu wa hospitali. Hakufundishwa kusoma bajeti. Hakufundishwa kuendesha kikao, kuketi na mtumishi aliyekosea, wala kupanga zamu pale watu hawatoshi. Alifundishwa miaka mingi kupasua na siku sifuri kuongoza. Ndivyo tunavyowapata viongozi wengi wa afya: tunamchukua fundi wetu mzuri kuliko wote, tunamtoa kwenye kazi anayoiweza, tunampa isiyo na mwalimu, kisha tunashangaa akitawala kwa barua za onyo. Barua ya onyo ndicho kifaa pekee alichokikuta kwenye droo. Na mimi vilevile, nilipewa uongozi wa wodi kwa sababu nilikuwa hodari wa kutafuta mshipa wa mtoto.

Upungufu wa watu unaufahamu kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itapungukiwa watumishi wa afya wapatao milioni 11, na siwezi kukudai wauguzi ambao hawapo. Lakini uchache wa watu ndio unaofanya usemaji uwe wa lazima zaidi. Wawili kwa wagonjwa 34 watakosea, na rafu iliyopangwa vibaya ndiyo itakayoamua kama kosa hilo linaua.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wanaume watanisamehe kulitaja. Mwaka 2019 Shirika hilohilo lilitoa takwimu kwamba wanawake ni asilimia 70 hivi ya watumishi wa afya duniani, na wanashika asilimia 25 tu ya nafasi za juu. Kwenye kikao kile cha dakika 45 waliokuwa wanauliza walikuwa wanaume wanne. Waliokuwa wanajibu walikuwa wanawake wawili. Ukiwa chini kwa cheo, kwa umri na kwa jinsia, kumwambia mkubwa kwamba rafu yake ni ya hatari kunahitaji ujasiri ambao hatuna haki ya kumdai mtu kila zamu.

Najua washauri wako watakwambia suluhisho ni mwongozo mpya na fomu mpya. Naomba kabla hujatia saini uwaulize kuhusu orodha ya ukaguzi wa upasuaji, ambayo Shirika la Afya Duniani liliizindua mwaka 2008. Ni karatasi moja yenye vipengele 19, na kimojawapo kinamtaka kila aliyemo chumba cha upasuaji ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, Ifakara ikiwa mmojawapo pamoja na London, Manila na Toronto. Matokeo yakatoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, likaagiza hospitali zake zote ziitumie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha hospitali 101, haukuona tofauti ya maana. Karatasi ni ileile.

Mimi nimeishi pande zote mbili za karatasi hiyo, kwa hiyo sihitaji profesa anieleze. Nimewahi kufanya kazi na daktari aliyesimama, akamtazama muuguzi mgeni machoni, akamuuliza jina lake, akasema, "Ukiona kitu hakijakaa sawa, nisimamishe." Tulimsimamisha mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili alishukuru mbele ya watu. Nimefanya kazi pia mahali ambapo orodha ilijazwa vema zote 19 kabla mgonjwa hajaingizwa ndani, kwa sababu mkaguzi angekuja Ijumaa.

Mfano wa kiongozi ninaoupenda kuliko yote unatoka hospitali ya Virginia Mason, mjini Seattle, Marekani. Tangu mwaka 2002 walikuwa wameweka utaratibu, waliouazima kwenye kiwanda cha magari, kwamba mtumishi yeyote akiona hatari ana ruhusa ya kusimamisha kazi na wakubwa waje. Mwaka 2004 mgonjwa wao akafariki baada ya kudungwa dawa ya kusafishia ngozi iliyodhaniwa kuwa dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha za eksirei. Vimiminika vyeupe, kwenye vyombo visivyo na lebo, juu ya trei moja. Unaona mwenyewe jinsi kisa hicho kilivyo jirani na cha wodi yetu. Viongozi wa hospitali ile walitoka hadharani wakasema: tumemuua mgonjwa wetu kwa kosa linalozuilika, tunaomba radhi. Wakakigeuza kifo hicho kuwa sababu ya kupanga upya kazi yao. Najiuliza ni mganga mfawidhi gani katika hospitali zako angeweza kuyatamka maneno hayo siku ya leo na bado akabaki na kazi wiki inayofuata.

Hapo ndipo mamlaka yako yanapoanza, Mheshimiwa. Ondoa idadi ya matukio kwenye vigezo vya kumpandisha au kumshusha mkuu wa hospitali, uweke swali jingine mahali pake: tukio gani liliandikwa, na nini kilibadilishwa baada ya kuandikwa? Mtumishi anayeripoti kosa lake mwenyewe kabla halijagunduliwa alindwe kwa kanuni iliyoandikwa, asilindwe kwa huruma ya mkubwa aliye zamu. Anayedhuru kwa makusudi, anayekuja kazini amelewa, anayeiba dawa, huyo ashughulikiwe kwa sheria zilizopo, hatumtetei. Na mtu asikabidhiwe hospitali wala wodi bila mafunzo ya uongozi, hata ya miezi michache, yenye msimamizi wa kumshika mkono mwaka wa kwanza. Fedha zake zipo. Tunazitumia kuchapisha vyeti na kugharamia makongamano ya kupongezana.

Tarehe 17 Septemba kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Usalama wa Wagonjwa, na bila shaka utaalikwa kuhutubia. Kabla ya hotuba, nakuomba uje hospitalini usiku, bila msafara na bila taarifa. Ingia chumba cha dawa cha wodi ya kwanza utakayoifikia, utazame rafu kwa macho yako, kisha uombe daftari la matukio. Ukikuta kurasa hazina kitu, funga mlango, umuulize muuguzi aliye zamu ni lini mara ya mwisho aliogopa. Usimuulize jina lake. Atakueleza.

Potasiamu tuliiondoa wodini mwaka jana, kimyakimya, kwa makubaliano yangu na mfamasia, bila barua yoyote. Binti yule sasa ana uzoefu wa miaka, na ndiye anayewafundisha wageni wetu kusoma lebo mara tatu. Ameomba kupandishwa daraja mara mbili, na mara zote mbili faili lake limerudishwa kwa sababu ya lile onyo. Naomba liondolewe.

Wako katika utumishi,

Muuguzi kiongozi wa wodi