Cheti cha mtandaoni kinakubalika? Inategemea nani anakisoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Siku hizi matangazo ya kozi za kufundisha Kiingereza nje ya nchi yamezidi, soma wikendi moja kwenye simu yako, upate cheti, dunia nzima iko wazi kwako. Na kila yakitoka vijana wananifuata na swali lile lile, hivi mwalimu, waajiri wanavikubali kweli hivi vyeti vya mtandaoni? Mimi nimefundisha nje, na sasa hivi kazi yangu ni kusoma maombi ya walimu na kukaa kwenye intavyuu zao, kwahiyo nasema ninachokiona.

Kwanza watu wanachanganya digrii na cheti cha TEFL, yaani hicho cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, ni vitu viwili tofauti kabisa. Digrii mara nyingi anayeitaka hasa ni uhamiaji kuliko shule. Shule inaweza ikakupenda mpaka mkuu wa shule akakupigia mwenyewe akakwambia njoo, lakini kama sheria ya kibali cha kazi inataka digrii na makaratasi yako hayapiti, basi hapo hamna kazi. Mpango wa JET wa Japan, wa kuleta vijana wa nje wasaidie kufundisha lugha mashuleni, ulioanza 1987, unataka digrii ya kwanza ya fani yoyote, hata ya kilimo sawa tu, cheti cha TEFL kinakuongezea sifa ila sio lazima. Korea Kusini viza ya E-2 ya walimu wa lugha inataka digrii na cheti cha polisi, alafu kwa kawaida uwe na paspoti ya moja ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland au Afrika Kusini. Sasa mtu mwenye paspoti ya nchi nyingine anauziwa kozi kwa ahadi ya kwenda Korea! Huo ni wizi na naomba tuuite hivyo, maana hata angesoma kozi kumi paspoti yake haibadiliki, na anayemuuzia analijua hilo vizuri sana.

Tuje kwenye digrii iliyosomwa kwa mtandao. Kusoma ukiwa mbali sio aibu wala sio jambo jipya, UNISA ya Afrika Kusini na Open University ya Uingereza zimetoa wasomi wa kusoma mbali kwa miongo mingi na hakuna mtu mwenye akili anayeziita vyuo feki. Ila mwajiri ana sababu ya kuogopa. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Axact ya Pakistan iliyokuwa inaendesha mamia ya tovuti za vyuo na shule ambazo hazipo, wanauza digrii kwa watu wa nchi mbalimbali, na toka hapo, na hata kabla ya hapo, ofisa ajira akiona jina la chuo asilolijua na neno mtandao liko karibu, moyo unamwingia baridi. Anayeumia ni yule aliyesoma kihalali akakesha na asaimenti zake.

Na hata chuo kikiwa halali bado kuna nchi zinazoangalia ulisoma vipi. Nchi za Ghuba kwenye kuhakiki digrii wanaweza kukuuliza ulikuwa unakaa darasani au ulisoma kwa masafa, na jibu lako linaweza kuamua mambo mengi. China nao, Januari 2023, kile kituo cha Wizara ya Elimu kinachohakiki digrii za nje kilitangaza kwamba hakitatambua tena masomo ya vyuo vya nje yaliyofanyika kwa mtandao, ule msamaha wa kipindi cha korona umeisha. Wanafunzi wao wenyewe waliokuwa wanasomea nyumbani wakaanza kuhangaika na viza, tiketi na vyumba ili wawahi kurudi vyuoni. Chuo ni kile kile, maprofesa wale wale, kilichobadilika ni karatasi itasomwaje. Ndo maana nasema swali la "inakubalika?" halina jibu mpaka useme inakubalika wapi na kwa nani.

Sasa cheti chenyewe cha TEFL, hapa ndo kwenye uchungu wangu. Hakuna chombo kimoja duniani kinachosimamia vyeti hivi. Mtu yeyote anaweza kufungua tovuti, akaandika masaa 120 kwa sababu anajua ndicho kiwango ambacho waajiri wengi na baadhi ya serikali wanakitaja, akaweka na nembo ya chombo cha ithibati ambacho pengine amekianzisha rafiki yake. Kwenye karatasi kinafanana na cha mtu aliyetoka jasho. Kozi za vyeti kama CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity, zote za Uingereza, zinaheshimika kwa sababu ndani yake kuna masaa 6 ya kufundisha wanafunzi wa kweli huku mkufunzi anakuangalia na kuandika, somo likiharibika unaambiwa limeharibika. Na CELTA siku hizi unaweza kuisoma yote kwa mtandao na bado inaheshimika, kwahiyo jamani mtandao sio adui. Kinachokosekana kwenye hizi kozi za bei ya kutupa ni mtu wa kukuangalia ukifundisha.

Na kwenye intavyuu inaonekana ndani ya dakika chache. Huwa namwomba mtu anifundishie kidogo tu, labda maneno "used to" kwa wanaoanza. Wa cheti cha wikendi anaeleza kanuni vizuri tu, anaandika mfano "I used to smoke", alafu anageuka anauliza mmeelewa? Darasa lolote duniani litajibu ndiyo mwalimu, hata kama hakuna aliyeelewa. Aliyewahi kusimamiwa hawezi kuuliza hivyo, yeye anauliza: huyu mtu sasa hivi anavuta? Zamani alikuwa anavuta? Mara moja au mara nyingi? Kwa maswali hayo matatu tayari ameshajua nani amepotea. Hicho ndicho tunachokitafuta, na hakiko kwenye video ya kutazama umelala kitandani.

Sisemi msizisome kabisa. Kama una uzoefu wa darasani tayari na viza inadai tu karatasi ya masaa 120, hiyo ya mtandaoni inaweza kutosha. Kama una mtoto mdogo au kazi ya kutwa na unataka kujikumbusha sarufi, soma. Ila msidanganywe kwamba soko la kufundisha kwa mtandao lina nafasi ya kila mtu, kwani Julai 2021 China ilipopiga marufuku kampuni za tuisheni kutumia walimu walioko nje ya nchi, watu wengi sana walipoteza kipato ghafla na wote wakarudi kugombania nafasi zilizobaki.

Ombi langu kwenu Mhariri, mkipokea tangazo la kozi hizi muulizeni anayelileta maswali mawili kabla hamjalichapa: kuna masaa mangapi ya kufundisha wanafunzi halisi, na nani anasimamia? Akishindwa kujibu mrudishieni hela yake. Na nyie vijana, kabla hamjalipa ada yoyote tafuteni masharti ya viza kwenye tovuti ya ubalozi wa nchi mnayoitaka, sio kwa ejenti, alafu chuo chenu kiandikieni mapema mpate barua ya msajili inayoeleza mlisoma kwa njia gani, kwa sababu hiyo barua huchukua muda na mara nyingi inaombwa wakati mkataba uko mezani unasubiri.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa Kiingereza