Barua ya wazi kwa wapiga gitaa wa Mwanza: mlimpigia makofi mtu mliyemnyamazisha

Wanangu wa bendi za Kirumba, Igoma, Mabatini na Nyakato, pamoja na ninyi mnaovuka na kivuko kuja kupiga wikiendi huku mjini,

Salaam. Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Zimegoma kupoa, basi zipokeeni hivyohivyo.

Mlikutana wanamuziki watupu, hakuna mlevi wa kusingizia, mkamwita mzee apige wimbo aliourekodi mwenyewe zamani, ambao kila mmoja wenu ameusikia tangu hajaota meno. Mkamwamkia shikamoo mmoja mmoja, vizuri kabisa. Akaketi na gitaa lake, akapiga ufunguzi. Hata hajamaliza mzunguko wa pili, mpapasa kinanda ameshampanda juu, mpiga drams ameshaongeza mwendo, na magitaa mengine mawili yanapiga solo ileile anayopiga yeye. Ubeti wa pili akauacha njiani. Akazungusha kitufe cha sauti cha gitaa lake kwa kidole kidogo mpaka sifuri, akatabasamu, akashukuru. Mkapiga makofi, mkidhani wimbo umekwisha.

Shikamoo mlimpa kwa mdomo. Kwa vidole mlimtukana.

Nianze na mwendo, maana humo ndimo mnamozama wengi. Wimbo wa rumba ya zamani una vyumba viwili: sehemu ya polepole yenye beti, na chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka na kucheza. Mpigaji akiuanza kwa mapigo 92 kwa dakika, ninyi jukwaani mnaufikisha 104 kabla ya kiitikio, na hakuna hata mmoja anayeona kwamba kuna kitu kimeharibika. Kimeharibika. Kwanza maneno yanabanana. Mwimbaji anameza silabi ili awahi mstari unaofuata. Pili, vile vinoti vya tatu-tatu, vitatu ndani ya pigo moja, ambavyo mzee anavining'iniza nyuma kidogo ya pigo vinanyooka, vinakuwa mbili-mbili, na mdundo mzima unakakamaa kama mtu anayecheza amevaa gambuti. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, mmeshakula akiba ya chemko. Chemko linapendeza kwa sababu limetoka kwenye utulivu. Mkilifikia mkiwa tayari mnatimua mbio, hakuna pa kupandia, mnabaki kuongeza kelele.

Dawa yake ni rahisi. Mpiga drams, kabla hujagonga vijiti, jiimbie moyoni ule mstari wenye maneno mengi kuliko yote katika wimbo. Mwendo ambao unaweza kuutamka wote bila kukaba pumzi ndio mwendo wa wimbo. Kama mzee ndiye anayefungua peke yake, usigonge kitu kabisa. Angalia kisigino chake. Kisigino hakidanganyi. Nyumbani fanyeni mazoezi na programu ya metronomu, simu zenu zinayo bure: iwekeni 92, pigeni wimbo wote, zimeni sauti yake kwa ubeti mmoja, kisha iwasheni tena. Mkikuta imebaki nyuma yenu, mmekimbia. Rudieni. Rudieni tena. Msukuma anayelima kwa bugobogobo hainui jembe kabla ya ngoma. Nyie mmezaliwa hapahapa, mmeyaona yale majembe yakirushwa juu, nani aliwafundisha kuikimbia ngoma?

Na chemko haliingii kwa saa. Linaitwa. Mpiga solo anakwenda juu, freti ya 12 hivi (freti ni vile vijichuma vya kwenye shingo ya gitaa), anarudia kifungu kimoja mara mbili, pengine anainua shingo ya gitaa. Huo ndio mlango. Kama macho yako yako kwenye simu uliyoegesha kujirekodi, utaukosa.

Sasa rithimu, gitaa linaloshika mwendo chini ya solo. Hapa nitasema sana, nivumilieni.

Mwanza ya leo ukitafuta mpiga solo unapata ishirini. Ukitafuta mpiga rithimu, unaonyeshwa mpiga solo ambaye siku hiyo hakuwahi kufika. Mmeifanya rithimu kuwa adhabu. Wanangu, wimbo ule mnaoupenda haukujengwa na gitaa moja. Ulijengwa na magitaa yaliyogawana shingo. Tuseme upo ufunguo wa G, na kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zinakwenda G, C, D, C, mapigo mawili kila moja. Besi inachukua pigo la kwanza na kuacha mwanya baada yake. Rithimu inakaa freti ya 3 hadi ya 5, haikwaruzi nyuzi zote sita. Inachambua nyuzi tatu au nne, kiganja kikigusa kidogo karibu na daraja ili sauti isitambae, na inaiachia besi pigo lile la kwanza. Solo inakaa freti ya 10 kwenda juu. Sekondi solo, gitaa la pili la solo, ndiyo inayopita katikati, kwenye chemko tu, ikifuata solo kwa umbali wa noti ya tatu au ya sita, haiipandi mgongoni. Wawili mkikaa freti moja mnapiga kitu kimoja, sauti zenu zinafutana na msikilizaji anasikia tope. Ndicho kilichotokea siku ile. Mzee alikuwa anapiga. Hamkumsikia kwa sababu mlikuwa mmekaa kwenye kiti chake.

Kupiga rithimu kwa dakika tisa bila kubadilisha mchoro, bila kuchoka, bila kuongeza pambo hata moja, ni kazi ya mwanamuziki mkubwa. Jaribuni dakika nne tu, mtaona kidole gumba kinavyoanza kutafuta umbea.

Mpapasa kinanda: mkono wako wa kushoto una mwenye kazi yake, anaitwa besi. Uondoe. Wa kulia ushike kodi ndefu, kwa sauti ya chini, au ukae kimya hadi kiitikio. Na usirudie kifungu cha solo kwa sauti ya tarumbeta ya bandia. Nakuomba.

Mmoja wenu nilimsikia akinong'ona kwamba mzee "amekosea ufunguo", kwa kuwa kwenye simu wimbo uko juu kidogo ya G. Mwanangu, ulichonacho kwenye simu ni kopi ya kopi. Kimetoka kwenye utepe wa studio, kikaingia kwenye kaseti, kaseti ikapigwa kwenye mashine nyingine, ndipo kikafika mtandaoni. Mota ikizunguka kasi kwa asilimia 3 tu, wimbo unapanda karibu robo toni; kwa asilimia 6 unapanda nusu toni nzima. Mzee anapiga ufunguo alioupiga. Wewe unapiga ubovu wa mota.

Na akishusha, mfuate. Sauti ya mtu wa miaka sabini haikai ilipokuwa. Akisema F badala ya G, usimwambie avae kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, kwa sababu kapo hupandisha, haishushi. Wewe ndiye utakayeivaa: kwa F utashika umbo la E na kapo freti ya kwanza, au umbo la D na kapo freti ya tatu. Mwenye kinanda ana kitufe cha kuhamisha ufunguo. Yeye ndiye ahame, mzee abaki.

Mengine nayataja tu. Nyuzi mpya zisifungwe jioni ya onyesho. Zifunge siku moja kabla na kuzivuta kwa mkono mara tatu nne, ukizisawazisha kila mara. Gitaa likitoka barazani kwenye upepo wa ziwa likaingia chini ya taa za jukwaa, nyuzi za chuma zinapata joto na kulegea. Liache dakika 20 jukwaani ndipo ulisawazishe. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, unyevu wetu huu hauna huruma. Mkiwa kwenye jenereta, pimeni volti kwa mita ya umeme kati ya nyuzi za gitaa na maikrofoni kabla mtu hajaweka midomo. Waya wa ardhi ukikosekana, umeme unaweza kupita mdomoni. Fundi mitambo, gitaa la mgeni ndilo la kwanza kupandishwa na la mwisho kushushwa, wala usilimwagie mwangwi.

Najua si ninyi peke yenu. Bendi za zamani zilizalisha wapigaji kwa sababu palikuwa na mahali pa kujifunzia. NUTA Jazz mwaka 1964 ilianza chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mishahara ya mwezi, na mazoezi yalifanyika mchana, kijana akikaa pembeni anaangalia vidole vya mkubwa wake miaka kabla hajaguswa na taa. Leo mwenye ukumbi anakodi mtu mmoja na kinanda chenye flashi, anaiita hiyo bendi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, lakini mwenye wimbo bado anaitwa kwenye sherehe akaupige wimbo wake kwa nauli ya bodaboda. Na mtoto wa huku anadhani gitaa lilizaliwa Kinshasa. D. O. Misiani, mpiga gitaa ambaye jina lake na benga, ule muziki wa gitaa wa Waluo, ni kitu kimoja, alizaliwa Shirati, pwani yetu hii ya ziwa, mwaka 1940. Sifa zake zikapaa akiwa ng'ambo, Kenya. Sikilizeni gitaa lake: sauti inaimba, gitaa linasubiri, kisha linajibu. Linasubiri! Ni adabu ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, iliyoingia kwenye nyuzi za umeme.

Siandiki haya kuwavunja moyo. Vidole mnavyo, vyepesi kuliko vya wengi waliowatangulia, na ninawapenda kwa hilo, ndiyo maana inaniuma.

Mkamwombeni arudi. Msipige simu, nendeni wawili, mchana, na msiende mikono mitupu, kilo mbili za sato zinatosha. Mwambieni mtamfuata kwa gari saa kumi, si saa mbili usiku. Mpeni dakika 15 na amplifaya peke yake, ukumbi ukiwa mtupu. Halafu chagueni mmoja wenu wa rithimu, mmoja wa besi, mmoja wa tumba, na drams kwa brashi. Waliobaki wakae viti vya mbele, magitaa yao yakiwa ndani ya mikoba, na zipu zimefungwa.

Mzee wenu,
Kirumba, Mwanza