Kwa Zuhura, baada ya kupewa kituo

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Mama yako, tangu asikie umefanywa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, amegawa mahamri mtaa mzima. Hongera sana. Nilitaka kupiga simu, ila haya nikiyasema kwa mdomo nitalia tu.

Tangu nipate habari zako namuwaza Willie Kimani, yule wakili aliyeuawa 2016. Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa wa bodaboda. Polisi alimpiga risasi 2015, naye akathubutu kushtaki. Juni 2016 wametoka mahakamani Mavoko, wao na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri, wakatekwa njiani na kufungiwa kambi ya polisi wa utawala (AP) Syokimau. Humo ndani Kimani akaandika kwenye karatasi ya chooni, akimsihi atakayeiokota ampigie mkewe, akaitupa nje. Iliokotwa na simu ikapigwa. Maiti zao zilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk.

Hukumu ilitoka Februari 2023. Leliman, yule polisi aliyeshtakiwa na Mwenda, kifo. Wenzake wawili polisi miaka 30 na 24, mpasha habari wao 20. Lakini Zuhura, ile karatasi hainitoki. Kambi ina watu. Kuna wa zamu, kuna mwenye funguo za seli. Mtu amefungiwa ndani ya kambi ya serikali, halafu wa kumwokoa ni mpita njia!

Sasa kituo ni chako. Akiletwa kijana saa nane za usiku, jina lake liingie kwenye OB, daftari la matukio, saa hiyohiyo, na aliyemleta aandikwe pia. Katiba imempa saa 24 afikishwe kortini. Wewe unayajua haya kuliko mimi, najua, lakini niache niyaseme.

Maana juzi mtoto wa Bi Khadija, wa bodaboda vilevile, alikamatwa usiku, akanyang'anywa pikipiki, akatolewa alfajiri baada ya mamake kutoa pesa. Risiti hakuna. Alinionyesha mikono, alama za pingu zimevimba. Nikamwambia aende akaripoti. Akanijibu, "Kwa nani? Kwa walewale?" Nikakosa la kumwambia. Na Mwenda aliripoti...

Basi. Bi Khadija anakusalimu, lakini hajui nakuandikia haya.

Wenzako hapo wamekupokeaje? Kuna yeyote unayemwamini, hata mmoja? Mkubwa akikupigia usiku akwambie huyu usimwandike, utamjibu nini? Umeshaingia seli mwenyewe ukatazama nani yumo? Likizo lini? Na huyu mtoto, nimlete kwako au aende IPOA, ile mamlaka inayosimamia polisi, moja kwa moja? Nijibu hilo kwanza, anasubiri.

Wako,
Mwanasiti