Mama, huyo kijana wa solo ni mimi

Mama,

Binti yangu, Jumapili ulipopiga simu ukiwa umekasirika vile, nilinyamaza, na najua ulidhani ni netiwaki. Haikuwa netiwaki. Ulisema kijana wa gitaa kwa bendi yenu akianza solo hajui kumaliza, wewe unabaki hapo nyuma unapiga laini moja ya besi dakika kumi na mbili kama mtu anatwanga mahindi, na ati mazoezi yanayokuja ukienda huko Section 58, Nakuru, unawaambia watafute mtu mwingine. Nikasema sawa, tutaongea. Sasa ndio hii naongea, nimeona niandike juu kwa simu ningeanza kujitetea.

Huyo kijana ni mimi. Ile picha iko ukutani hapa kwetu, sisi watano tumesimama mbele ya Peugeot 504, umeiona tangu utotoni na kila ukiuliza kwa nini bendi iliisha nilikuwa nakuambia watu walioa, wengine wakapata kazi. Ni ukweli, walioa. Lakini bendi haikuisha kwa sababu ya ndoa.

Wacha nianzie mwanzo, wewe si mtu wa haraka ukipata kitu cha kusoma.

Tulianza 1999, gitaa mimi, besi huyo mwenye kofia, kibodi, saksafoni na dramu. Hakuna mtu wa kuimba. Wa kibodi alikuwa amepata kaseti mahali, nakala ya nakala, ina makelele ya upepo mwanzo hadi mwisho, upande mmoja Mahavishnu Orchestra na upande wa pili Weather Report, bendi za kuchanganya jazz na roki. Sisi tulikuwa vijana wa kanisa na benga, hatukuwa tumewahi sikia gitaa ya roki inakimbia hivyo halafu dramu nayo inahesabu kitu chenye huwezi kupigia makofi. Tulirudisha hiyo kaseti nyuma na kalamu ya Bic kuokoa betri ya redio mpaka tepu ikaanza kukunjamana. Billy Cobham kwa dramu, huyo mtu hakuwa anachoka. Na John McLaughlin kwa gitaa ndiye aliniharibu, mimi nikaamua nitakuwa huyo, wa Manyatta hapa Kisumu lakini huyo.

Shida ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Wimbo wa mapigo saba ukiuhesabu moja mbili tatu mpaka saba unapotea kabla hujafika, hasa ukiwa na njaa. Wa besi ndiye alileta dawa. Akasema hiyo si saba, hiyo ni chai chai mandazi. Jaribu na mdomo: cha-i, cha-i, ma-nda-zi. Mbili, mbili, tatu. Siku hiyo hiyo ikaingia. Ya tano ikakuwa uji mandazi, ya tisa ni ile ile ya saba lakini unaongeza chai ingine mbele. Mtu akipita nje ya kile chumba nyuma ya kanisa anasikia wanaume wazima wanapiga kelele chai chai mandazi saa moja usiku, alijua tu hawa hawajakula, na hakuwa amekosea.

Huyo wa besi babu yake alikuwa mpiga nyatiti, nafikiri hiyo hujui. Nyatiti ni nyuzi nane tu, lakini mzee mmoja anakaa kwa kistuli chake anakuwa bendi mzima: vidole kwa nyuzi, mdomo unaimba, njuga kwa mguu, na pete ya chuma kwa kidole cha mguu anagonga nayo ubao. Kwa hivyo yeye alilelewa akijua wimbo unasimama kwa mguu. Besi yake ilikuwa hivyo, haina maringo, lakini akitoka wewe unaanguka. Mimi nilikuwa nadhani hana ufundi. Nilikuwa namwambia wa kibodi, huyu jamaa ni mzuri lakini ni mvivu wa noti. Mjinga mimi.

Halafu ikaja 2000, mwaka wa ukame na mgao wa stima. Nyinyi mkikosa stima saa mbili mnalia kwa WhatsApp, sisi mwaka huo tulipanga maisha na ratiba ya mgao, na mazoezi pia. Siku stima iko tunawasha ampu, siku haiko tunawasha koroboi na tunapiga hivyo hivyo. Sasa gitaa ya umeme bila ampu ni kama mbu. Kibodi imekufa kabisa, kwa hivyo jamaa anagonga vidole kwa meza na kutuimbia kodi za wimbo, yaani chords. Dramu anatumia mikono, saksafoni anapuliza akiangalia ukuta asituzidi. Kusikia besi ilibidi wote tuiname, vichwa karibu vinagusana. Nakuambia ukweli bendi yetu haikuwahi kupiga vizuri kama hizo usiku. Nilikuwa nasikia kila kitu kwa sababu sikuwa na namna ya kumfunika mtu. Stima ikirudi kitu cha kwanza nafanya ni kugeuza volyumu, na hapo ndio nilikuwa napotea, lakini mimi nilikuwa nadhani ndio nimefika.

Shoo sasa. Shida yetu ilianza na jina. Kwa bango tuliandika jazz, na wewe unajua hapa kwetu ukisema jazz mtu anafikiria Shirati Jazz, Victoria Jazz, yaani benga. Watu wanakuja na viatu vya kudansi, wanalipa, wanakaa, wanangoja. Tunapiga ya kwanza, wanafikiri ni saundicheki. Tunapiga ya pili, mtu anainuka anauliza msanii atafika saa ngapi. Mama yako mara ya kwanza alikuja na shangazi yako, wakakaa mpaka mwisho, tukiwa tunafungasha kebo akaniuliza kwa heshima kabisa, sasa mwimbaji alikwama wapi. Nilimwoa hata hivyo.

Lakini usikubali wakuambie watu wa huku hawawezi kusikiza muziki bila maneno, hiyo ni uongo na imetumika kufunika makosa mengi. Benga yenyewe, mwimbaji akimaliza kusifu watu wake, gitaa na besi zinaachiwa uwanja dakika na dakika, na hapo ndio watu wanaacha chupa wanainuka. Hakuna mtu anauliza maneno yameenda wapi. Tofauti ni kwamba gitaa ya benga inaongea na besi, hii inasema ile inajibu, wewe msikizaji unashika mazungumzo. Mimi nilikuwa naongea peke yangu kama mtu amepoteza simu. Watu walikuwa wanachoka na mimi, si kukosa mwimbaji. Imenichukua miaka ishirini kuandika hiyo sentensi.

Pesa sitakuambia mengi, unajua. Hoteli inaahidi elfu sita, inatoa elfu nne, halafu inakata soda. Mara moja Kakamega tulilipwa nusu pesa nusu kuku, na kuku alikuwa hai. Alilala kwa boksi ya simbali mpaka Kisumu.

Sasa Nakuru. 2003, hoteli moja nje ya mji, sitaitaja, walitutendea vizuri. Mafuta pekee yalimeza elfu mbili kabla hatujakula. Watu walikuwa wachache lakini walikuwa wanasikiza, hiyo nakumbuka, na mtu wa mikisa alikuwa ameweka kaseti anarekodi. Tukafika ile ngoma yetu ya mapigo saba. Ilikuwa na melodi ya kufungua na kufunga ambayo tuliita mlango, na tulikuwa tumekubaliana mazoezini kwamba solo ikitosha, besi inapiga noti nne za mwanzo za mlango, hiyo ni kusema bwana rudi nyumbani, halafu sote tunaingia. Basi nikaanza solo. Ampu siku hiyo ilikuwa tamu, ya kukodi, kubwa kuliko yote niliyowahi shika. Nikafunga macho.

Kufungua macho ni kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Nikadhani wamefurahi. Nikageuka, wa besi amekaa juu ya spika, besi ameilaza chini, anakunywa Fanta na mrija. Sijui alikuwa amekaa hapo muda gani. Dramu alikuwa ananiangalia kama mtu anaangalia gari likirudi nyuma kwa mtaro.

Tulirudi usiku huo. Nakuru, Mau Summit, mvua Kericho, hakuna mtu aliongea, hata redio ya gari dereva aliogopa kuiwasha. Ahero wa besi akasema nishukishe hapa. Akatoa besi yake, akanisalimia na mkono, akaenda. Nilimwona tena kwa matanga mawili na harusi moja, tunasalimiana sana, tunaulizana watoto. Bendi hatukuitaja.

Mimi nilijiambia alinionea wivu. Miaka yote hiyo, Mama. Nililala na hiyo hadithi nikiwa nimejifunika nayo vizuri.

Desemba nilipokuwa natoa vitu kwa stoo nikapata hiyo kaseti ya Nakuru, mtu wa mikisa alikuwa ametutumia. Kijana wa saiba hapo Kondele akaniwekea kwa flashi. Nilisikiza nikiwa na nia ya kufurahia ile solo. Solo ni dakika kumi na nne. Dakika tano za kwanza si mbaya, mtoto anajaribu. Halafu nikaanza kusikia besi. Anapiga mlango, zile noti nne. Mimi napita. Anangoja kidogo, anazipiga tena, juu zaidi. Napita. Mara ya tatu anazipiga polepole kabisa, kama mtu anaongea na mgonjwa, na hata saksafoni anaingia nusu halafu anaacha. Mimi nimeenda. Halafu besi inanyamaza na mimi naendelea karibu dakika mbili peke yangu na dramu, mtu mzima, sijagundua sakafu imetoka. Niliizima nikaenda nje kuangalia kuku.

Kuna mtu nataka umfikirie, najua wewe ni wa Jaco Pastorius, yule wa besi wa Weather Report, na sina neno mbaya juu yake. Lakini Mahavishnu ya kwanza, ile ya 1971, besi alikuwa Rick Laird, mzaliwa wa Dublin. Wenzake wanne wanaruka kama panzi, yeye anashikilia zile hesabu mbaya mbaya mara mia, na bila yeye hiyo kitu ni kelele. Bendi hiyo haikumaliza miaka mitatu, mwisho wa 1973 ilikuwa imevunjika, wengine wakitaka nyimbo zao pia zipigwe, wamechoka kuwa nyuma ya mtu mmoja. Na Laird baadaye aliacha muziki kabisa akawa mpiga picha. Mimi nilikuwa na hiyo kaseti tangu 1999 na sikuwahi hata kuuliza jina la huyo wa besi.

Kwa hivyo kuhusu mazoezi. Kutoka ni haki yako na sitakukataza. Lakini kabla hujatoka zimeni hizo ampu jioni moja, zote, mpige hiyo ngoma kwa sauti ya mbu, uone kama huyo kijana ana masikio. Kama anayo utajua kwa dakika moja. Na mkubaliane solo ni mizunguko mingapi, nne, sita, chochote, mhesabu, si kungoja mtu ashikwe na aibu. Halafu umwambie kwa mdomo, mbele ya wote, umezidi. Mwenzangu aliongea na besi na mimi sikuwa najua hiyo lugha, ningeambiwa kwa Kiswahili labda ningekasirika wiki mbili halafu nirudi. Labda. Nilikuwa na kichwa ngumu, mama yako atakuambia.

Jumatano nilienda kumtafuta. Ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na Kibuye, ameongeza kitambi, kofia ni ile ile. Nilikuwa nimejipanga na maneno mengi, lakini kulikuwa na mtu anapimiwa misumari kwa hivyo nikangoja. Halafu nikamwambia, nimesikiza ile kaseti ya Nakuru, uliniita mara tatu.

Akaendelea kufunga misumari kwa gazeti. Akasema, "Nne."

Nikabisha, nikamwambia nimehesabu. Akasema nne, akaniuliza habari yako, nikamwambia unapiga besi. Akacheka mpaka yule wa misumari akacheka pia bila kujua ni nini.

Nilirudi nyumbani nikavaa hedifoni. Ni nne. Ya kwanza iko mapema sana, kabla hata solo haijaharibika, ameipiga chini na laini hivi, kama mtu anakugusa bega tu. Flashi nimekutumia na shuttle ya Jumamosi asubuhi, iko kwa bahasha ya kaki imeandikwa jina lako, uende stage na kitambulisho. Kwa hiyo bahasha kuna pia seti ya nyuzi za besi, si zangu, ni yeye amekutumia. Hiyo ya kwanza sikuambii iko dakika gani. Kuna chupa inaanguka, halafu mtu anakohoa, uanzie kutafuta hapo.

Baba yako
Kisumu